Herufi Moja ya Bi Mahfoudha

Wasikilizaji wapendwa, assalaam alaykum, hapa Muscat na popote mlipo. Leo nna shukurani nyingi kuliko machozi. Bi Mahfoudha binti Msellem, mfasiri wetu, ametutoka Jumanne, nyumbani kwake Darsait. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Alitoka Unguja akiwa msichana, akaenda kusoma Ujerumani. Huko akakutana na mashairi ya makasri, ya miaka mia nane iliyopita. Askari wa farasi anampenda mwanamke mtukufu. Anamtumikia, na malipo anayoyaomba ni neno moja la hisani. Bi Mahfoudha akisema nyimbo nyingi za mapenzi za Ulaya ya leo zimechota katika kisima kile kile. Alifasiri mashairi hayo kwa Kiswahili miaka kumi na moja. Miaka kumi na moja, wasikilizaji!

Yule mwanamke wa kwenye mashairi, Bi Mahfoudha alimwita "bibi". Kwetu Unguja, bibi ni mwanamke mwenye heshima zake. Basi nikasoma hapa hapa redioni: "Bibi yangu kaniacha, machozi hayanikauki." Simu ikalia. Alikuwa Bwana Thani, mwenye gereji kule Ghala, mzaliwa wa Tabora.

"Poleni sana. Huyo askari kafiwa na bibi mzaa baba au mzaa mama?"

Nilicheka mpaka nikaweka wimbo. Bi Mahfoudha, akisikiliza nyumbani, hakucheka. Alikuwa mgonjwa, daktari keshamwambia muda wake mfupi, naye alitaka kitabu cha mashairi hayo kiishe angali hai. Bintiye, Khulood, anakumbuka: "Mama alinambia, 'Nimemfanya kipenzi cha watu ajuza! Lete kalamu.'"

Akarudi ukurasa wa kwanza. Kila penye "bibi" akaongeza herufi moja tu. Bibie. Hapo hachanganyikiwi mtu, wa Tabora wala wa Unguja. Khulood akimshikia mkono wa kalamu. Mahala mia nne na kumi na mbili. Alimaliza Jumapili. Jumanne akaenda zake.

Jana nilikwenda kutoa mkono wa pole. Mumewe, Bwana Harub, si mtu wa maneno mengi. Akanambia: "Miaka arobaini nnamwita Mama Khulood. Jumapili ile nikamwambia, 'Hongera, bibie.' Akaitika, 'Labeka.' Kisha akaniomba nimwite tena."

Bwana Harub, Khulood na jamaa wote, poleni. Ahsante kwa kutuazima mama huyu. Mungu amrehemu, amlaze pema.

Nawe unayenisikiliza, nani nyumbani mwako hujamwita jina zuri siku nyingi? Mwite leo, maadamu anaitika.