Sura ya Furu

Benchi la kahawa la Getruda liko Mirongo, ubavuni mwa fundi baiskeli. Mwaka ule sukari ilipoadimika wanywaji hawakupungua, walizidisha maneno tu. Clavery, mwanafunzi wa teolojia ambaye benchi zima lilimwita Nusu Padri, alikaa katikati na tasnifu yake mapajani. Mwalimu wake alikuwa amemwambia aing'oe sura ya furu kabla ya saa sita mchana, ama asahau upadri. Mzee Mhoja, anayeitwa Redio, alimsogezea kikombe chake mwenyewe. Kisha akaanza maswali.

— Hiyo sura inadai nini hasa?

— Kwamba sangara anawamaliza furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na aliyemleta ni binadamu. Basi ni dhambi yetu, Kanisa liitubu hadharani.

— Na mwalimu?

— Anasema samaki ni kazi ya idara ya uvuvi, si ya Mungu.

Malimi, balozi wa nyumba kumi, akajipiga goti.

— Sangara ni bepari! Mnono, anakula wenzake, na kadi ya chama hana!

— Apelekwe kijijini akalime pamba, akasema Getruda.

— Tulieni, akasema Redio. Furu ni watakatifu. Gharika ya Nuhu, nani aliwapandisha safinani? Sisi tunazama, wao wanaogelea. Hawakuwa na kesi!

— Hata mamba, Redio? akauliza Malimi. Yule aliyemla mbuzi wa shemeji yangu?

— Mamba tutamjadili. Lakini aliyemmeza Yona alikuwa furu.

— Furu wa kidole ammeze nabii mzima?

— Zamani walikuwa wakubwa, Balozi. Ukubwa wao ndio ulioliwa kwanza!

Clavery akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Alipojifuta, alikuwa amekaza uso.

— Siing'oi. Wakinifukuza, wanifukuze na sura yangu.

— Hapo sawa! akasema Redio. Mama yako kule Bukoba atalia, lakini hapo sawa!

Ndipo akafika mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, akitaka kahawa ya mumewe kwenye chupa. Alijitaja kuwa Paskazia. Getruda akahamisha jiko upande mwingine, moshi usimpate mtoto.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama.

— Samahani, kaka. Nimesikia unasomea upadri. Sangara wanatuchania nyavu, sisi tunaishi kwa hao furu waliobaki. Mume wangu kanunua wavu mpya wa kuwavulia. Ukishakuwa padri, tukikuletea utaubariki?

Redio akamtazama Malimi. Malimi akatazama baiskeli. Mtoto akapiga chafya.

— Sijui, dada, akasema Clavery. Kweli sijui.

— Basi haidhuru, akasema Paskazia kwa upole, kama aliyemwonea huruma.

Getruda aliinamisha birika. Kahawa ilikuwa imekwisha. Clavery akaifunga tasnifu kwa kamba, sura zote ndani, akasimama.

— Sasa mwalimu utamwambia nini? akauliza Redio.

— Kwamba sura ya furu ni fupi mno, wavuvi hawamo. Naomba kuiongeza.