Ng'ombe wa Katrin Nani Alirudisha?

Benchi letu pale Iroquois, kusini mwa Louisville, Marekani, si benchi. Ni kiti cha nyuma cha minivan ya Gasore. Gari lilikufa, kiti kikakataa kufuata, tukakiweka kwenye nyasi kati ya mlango wake na parking, na mikanda bado ipo kwa anayebishana kupita kiasi. Wenye kiti ni watatu, ukinitoa mimi ninayekunywa kahawa bila kuchangia sukari. Gasore, mtu wa milima ya Kivu Kusini, tunamwita Brekitaimu, maana hata mahubiri yakizidi hutazama saa kama mtu wa kiwandani anayengoja mapumziko. Bulonza ni Avoka, yaani wakili: kule Bukavu alimbebea wakili mkoba, sheria zikamwingia kupitia mkono. Nshombo ni Radio, na hilo halihitaji maelezo. Ijumaa ile ya kiangazi cha 2015 tulikuwa na kesi. Kesho yake Isaro, binti wa Gasore, angeolewa na Olivier wa Reynoldsburg, kule Columbus, na Olivier alitaka bibi harusi aingie kwa wimbo wa Mjerumani mmoja, Katrin Lohmeyer. Gasore hakuwa amesema ndiyo. Olivier mwenyewe aliketi ndani ya Corolla yake ng'ambo ya parking, madirisha juu, kwa sababu mkwe hamsogelei baba mkwe bila kuitwa. Jibu lilitakiwa kabla choir haijaanza mazoezi.

— Bon, akasema Gasore. Mimi sikatae muziki. Lakini kwetu, mutu hawezi kuingiza binti yako mu nyumba kama haujue kwabo. Huyu Katrin iko wa nani?

Radio alikuwa na habari zote. Umurerwa, dada yake Olivier aliyeko Ujerumani, alikuwa ametuma sauti ndefu kwa WhatsApp.

— Alianzia ku choir ya kanisa, akasema Radio. Kisha akatumika ku nyumba ya bazee, anabaogesha, anabaimbia.

— Kama bibi yangu! Gasore akafurahi, akimkumbuka mkewe. Kabanyana naye anaogeshaka bazee.

— Kisha kampani kubwa ya Berlin ikamusikia. Ikamupatia makuta, pesa mingi, akaimba albamu mbili mu Kingereza. Soul, ile ya kutoa machozi na kucheza pamoja. Halafu akatoka ku kampani, akarudi kwabo, sasa anaimba mu Kijerumani. Wimbo ya Olivier aliimba nyuma ya kutoka ku kampani.

Avoka akaweka kikombe chini. Avoka akiweka kikombe chini, mahakama imeingia.

— Ngoja. Kampani ilitoa makuta mbele, hajaimba bado?

— Ee, mbele.

— Basi ile iko mahari. Kampani ilikuwa bwana yake! Donc, Katrin alitoka ku ndoa. Sasa nauliza: ng'ombe nani alirudisha?

Mimi nilijiandaa kucheka. Lakini Gasore ni mtu wa ng'ombe, na Avoka, aliyetoka Walungu kulekule Kivu Kusini, naye hivyohivyo. Ukitaja mahari mbele yao, kicheko kinasubiri nje.

— Umurerwa hakusema kama alirudisha, Radio akakiri.

— Na zile nyimbo za Kingereza?

— Kampani ilibakia nazo.

— Mumeona! Batoto! Mahari ikitoka, batoto beko ba baba. Hata tribinali ya Bukavu ingesema vile. Chanda chema huvikwa pete!

— Pete inaingia wapi, Avoka? Gasore akauliza.

— Inaingia ku chanda. Usiniharibie kesi.

— Labda bwana alikuwa mubaya, Radio akajaribu kumtetea. Labda kampani ilikuwa na bibi ingine.

— Ingine? Makumi! Kampani ya vile inaoaka kila mwezi.

— Haraka haraka haina baraka, Gasore akasema kwa huzuni. Kule Allemagne, kwabo Katrin, barabara kubwa haina kipimo ya mbio. Mutu akizoea kukimbia, anakimbia mupaka ndoa.

— Sasa hii wimbo, Avoka akaendelea, ilizaliwa nyuma ya ndoa kuvunjika. Baba yake nani?

— Alirekodia mu jikoni ya mama yake.

— Mu jikoni! Avoka akashika mkanda wa kiti kana kwamba gari limeyumba. Brekitaimu, wimbo haina baba! Unataka Isaro aingie na mutoto wa nje?

— Basi tutume bazee Berlin, Radio akasema. Mama Caritas wa Buffalo aende, anajua kupatanisha. Alipatanisha jirani yake Anicet na landlord, kulekule Buffalo, pale Black Rock!

— Na wimbo ingojee bapatane? Gasore akauliza.

— Ingojee.

— Arusi iko kesho, Radio!

Kabanyana alikuwa anatumiminia kahawa ya mwisho. Hapo Isaro akatokea, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado.

— Papa, choir inangoja. Yes or no?

— Mwanangu, tunachunguza. Mutu haingie mu nyumba na wimbo ya hivi hivi.

Isaro akatutazama mmoja mmoja.

— Na mama? Siku aliingia kwako, muliimba wimbo gani?

Avoka akatafuta kikombe kilichokuwa mkononi mwake. Gasore akainamia nyasi.

— Hakukuwa wimbo, akasema Kabanyana. Ilikuwa vita. Balinileta batu babili, baliniambia nitoe viatu nisisikike. Papa yako akaniambia karibu, pole pole, kama mutu mwenye kuiba.

Akacheka mwenyewe, akatikisa termosi.

— Kahawa inaisha. Ngoja nipike ingine.

Akaelekea mlangoni. Gasore akasimama.

— Olivier! Fungua madirisha! Yote! Weka ile wimbo!

Kijana wa watu alipapasa hadi honi ikalia. Kisha ngoma ikatoka, na gitaa, na sauti ya Katrin, nene na tamu, ikajaza parking nzima.

— Anasema nini? Gasore akauliza.

— Umurerwa alisema: nimekungoja mlangoni, ingia, Radio akajibu.

Kabanyana alikuwa amefika kwenye ngazi. Akasimama. Halafu, polepole, akainua mikono juu kama pembe za ng'ombe, vile wanavyocheza kwao, termosi mkono mmoja, akaanza kupanda kwa hatua za bibi harusi. Isaro akapiga vigelegele.

— Sasa baba ya wimbo? Avoka akanong'ona.

— Iko mimi, akasema Gasore, na akamfuata mkewe ndani.