Paka Aliyekimbizwa Harusi

Boti ya kwenda Matondoni ilikuwa imeshauacha mji wa Amu. Jeilani, aliyekalia mzigo wake uliofunikwa turubai, alisikiliza. Mbele yake Nkatha, mwalimu mgeni, alikuwa amepakata kikapu chenye paka.

"Harusi ya jirani imemtoa roho," Nkatha alimwambia Bi Rawiya, aliyeketi kando yake. "Spika zikianza anajibana nyuma ya friji, hali kitu. Nampeleka kwa rafiki yangu Matondoni mpaka harusi iishe."

"Wakosea, mwalimu. Paka ugenini huzidi kuogopa. Mfungie chumba cha ndani na nguo yako, umuwekee redio kwa sauti ya chini, azoee kidogo kidogo."

"Kuta zinatetemeka, Bi Rawiya! Matondoni kelele ni nyundo za mafundi wa majahazi tu."

Jeilani aligeukia baharini. Aliona si adabu kuingilia mazungumzo ya wanawake, adabu ambayo siku nyingine hakuwa nayo.

Boti ilipofika gatini Matondoni ilimbidi ainuke. Alipovuta turubai, zikatokeza spika mbili kubwa.

"Leo ngoma yahamia kwao bwana harusi," alisema, macho chini. "Hapa hapa."

Bi Rawiya akamgeukia Nkatha. "Haya, mwalimu. Redio yenyewe ndiyo hii."