Risala ya Wapishi na Wasafishaji Kuhusu Ving'ora Tulivyovifunika

Mgeni rasmi, Bwana Nehemiah Kiprotich, Mkaguzi wa Zimamoto wa kaunti yetu, Mchungaji, ndugu wanachama:

Karibu sana katika ukumbi huu wa kanisa, hapa Lanham. Tumefurahi kwamba ofisi yako imemtuma mtu tunayeweza kuzungumza naye kwa Kiswahili, maana tuliyo nayo leo ni mazito kuyasema kwa lugha ya kuazima.

SISI NI NANI

Tulianza umoja huu mwaka 2003, Wakenya na Watanzania tunaoishi hapa Marekani. Tunapika na kusafisha katika nyumba za vyama vya wanafunzi wa chuo: za wavulana huitwa frateniti, za wasichana sororiti. Ni nyumba kuukuu za mbao, ghorofa tatu, ngazi moja tu. Watoto wale tunawapenda. Wakifaulu mitihani hukimbilia jikoni kutuonyesha.

YALIYOTUPATA

Jumamosi moja ya Februari mwaka jana, saa tano asubuhi, mshumaa uliangukia pazia ghorofa ya pili katika nyumba ya wasichana. King'ora cha moshi hakikulia. Mpishi, mwenzetu Leokadia, alisikia harufu akapanda mbio. Chumbani alikuwamo Audrey, mwanafunzi aliyeishi humo, binti wa mwanachama wetu Serah. Audrey anaelewa Kiswahili, ila siku zote hujibu Kiingereza.

"Audrey, lala chini! Tambaa, fuata sauti yangu!"

"Mama Leo, sioni!" alijibu, kwa Kiswahili.

Leokadia alishika kitasa kilichokuwa kimeshapata moto, akafungua, akaendelea kumwita mpaka wakashikana. Wote wawili walitoka hai. Lakini mikono ya Leokadia iliungua vibaya, na mpaka leo hawezi kushika kisu.

CHANGAMOTO

Ripoti ilisema king'ora kilifunikwa mfuko wa plastiki na mtu asiyejulikana. Mgeni rasmi, anajulikana. Ni msafishaji, mwenzetu Gichuki. Wasichana walimwomba akifunike kwa sababu kililia kila walipochoma mkate. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu msimamizi wa nyumba akamwambia, "Kama hutaki, wapo wengine wanaoitaka kazi hii." Akakifunika.

Gichuki alikwenda mwenyewe hospitali kumwambia Leokadia. Dada yetu akamwambia, "Ule mfuko niliuona kila nilipopanda, Gichuki. Sikuutoa."

Gichuki aliporudi kutusimulia, hakuna aliyeweza kumnyooshea kidole. Karibu kila mmoja wetu ana king'ora alichokifunika au alichokinyamazia.

MAOMBI

Nyumba ile inafunguliwa tena Agosti. Imepakwa rangi, inapendeza, lakini darini hakuna bomba hata moja la kunyunyiza maji pindi moto ukizuka. Tunakuomba usiipitishe hivyo.

Tunaomba pia namba ya simu ambayo mfanyakazi anaweza kupiga akiamriwa jambo kama hili, asipoteze kazi kwa kusema ukweli.

Na kuhusu Gichuki: kama kuna adhabu, andika majina yetu sote ishirini na sita. Yumo humu ukumbini, kiti cha mwisho. Ametuorodheshea nyumba saba ambazo ving'ora vyake bado vimefunikwa. Ukimaliza chai, yuko tayari kukupeleka leo hii. Ngazi ameshaifunga juu ya gari.

Mungu akulinde kila unapoingia penye moshi, na awalinde watoto wa watu waliolala chini ya dari tunazozisafisha.

Ni sisi,
Umoja wa Wapishi na Wasafishaji wa Nyumba za Wanafunzi,
Lanham, Maryland.
Imesomwa na Vaileth, katibu, Aprili 2007.