Bonge Fundi Friji na Virusi Visivyokuwa Vyake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi friji wetu. Wengi mlimwita Bonge. Kiharusi kilimwangusha karakanani, bisibisi mkononi, na hospitalini hakutoka.

Bonge aliishi na virusi vya Ukimwi. Mkewe pia anaishi navyo. Mjane mwenyewe ametuomba tuyaseme haya, tena bila kunong'ona.

Maneno yalianzia hapa. Mke alidhoofika haraka, hata ndoo ya maji ikamshinda. Bonge, yeye akazidi kunenepa. Mnadhani watu walinyamaza? Thubutu! Walisema Bonge kamwambukiza mkewe, na sasa anammaliza. Dada wa mke alifunga sanduku lake, akahamia kwao kumlinda mdogo wake.

"Nilijua anampa mdogo wangu vidonge feki, vile vizuri anameza yeye," anasema dada. Akabadilisha vidonge vya chupa hii na ile, kisirisiri. Vilikuwa vilevile! Hakuridhika. Basi kila jioni Bonge alimeza mbele yake kidonge alichomtolea kwenye chupa ya mke, akaachama, akainua ulimi kuonyesha kimeshuka.

"Shemeji, umekagua?" Bonge humuuliza.

Dawa zilimwinua mke taratibu. Shaka haikuondoka.

Kisha wataalamu wakachunguza virusi vya wote wawili. Wasikilizaji, virusi vya Ukimwi haviko sawasawa. Vina aina zake, na zipo zinazoudhoofisha mwili haraka kuliko nyingine. Vya mke vilikuwa vya mbio. Vya Bonge, vya polepole. Tena havikuwa na udugu wowote. Yaani, Bonge hakumwambukiza mkewe.

Neno moja tu lingemsafisha. Lakini macho yote yangemgeukia mke: je, alivipata wapi? Bonge akanyamaza. Ukweni wakamwita muuaji, miaka nenda miaka rudi, na yeye akaendelea kuwatengenezea friji zao. Mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ya mazishi mjane alisimama mbele ya ndugu. "Nilikuja navyo kwenye ndoa bila kujua," alisema. "Nilimwomba asiseme. Akanisitiri."

Tunampa pole mjane. Tunampa pole na dada. Nawe unayetusikiliza, kuna mtu unamkodolea macho kwa sababu tu afya yake inakukera? Mfikirie, huku ukimsikiliza dada huyu:

"Siku ya mwisho hakuweza kusema. Aliponiona naingia wodini, akaachama, akahangaika kuinua ulimi. Na mimi... nikainama, nikakagua."