Mzee Tarsem na Kitako cha Rangi ya Chai

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kututazama sote kama mbao zenye mchwa, Mzee Tarsem Singh Panesar anastaafu. Karakana yetu ya Walthamstow haijui itaishije bila mtu wa kutuambia kila asubuhi kwamba tumechelewa, hata siku tulizowahi.

Nimepewa mimi kuandika wasifu huu kwa kuwa ndiye ninayepokea simu, na pia kwa kuwa niliolewa mwezi uliopita. Inaaminika kwamba bibi harusi huona uzuri kila mahali, hata kwa Mzee Tarsem. Tunaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo watu wa Kisumu, Mwanza, Tabora na Bukavu tunaweza kuitumia kugombana bila kutafuta maneno.

Mzee alizaliwa Kisumu, katika ukoo wa maseremala. Alipofika London alitengeneza milango, ngazi na makabati ya jikoni kwa ajili ya watu ambao, kwa maelezo yake, hawakustahili. Mwaka 1994 akaajiriwa hapa kukarabati vitako vya bunduki za zamani, yaani ile sehemu ya mbao ambayo mpiga shabaha huiegemeza begani. Wenye bunduki huziangusha, huzibamiza kwenye milango ya magari, kisha hutuletea wakisema wamezikuta hivyo hivyo. Mzee huwasikiliza kwa heshima kubwa. Hajawahi kumwamini hata mmoja.

Kasi yake ni ya kupigiwa mfano. Baadhi ya wateja aliowaambia "wiki ijayo" sasa wana wajukuu.

Kwenye hafla nako ni hazina. Katika harusi yetu kule Lewisham, shangazi yangu alimuuliza kwa adabu anafanya kazi gani. "Mimi, mama, kazi yangu ni vitako," akajibu kwa fahari. "Nalainisha, napaka mafuta, nasugua na mkono mpaka inang'aa." Shangazi alihamisha kiti chake kimya kimya, na mpaka leo huniuliza kama kazini niko salama.

Basi mwaka huu mambo yakaharibika. Bosi wetu Pritesh, mzaliwa wa Mwanza anayeishi Stanmore na kuongea kama tangazo la benki, alitutangazia kwamba Mzee akiondoka, meza ya useremala nayo itaondoka. Kazi za mbao zingepelekwa kwa watu wa nje, na pale pangewekwa mashine ya kufungashia vifurushi. Pembeni ya meza hiyo hufanya kazi Aristide wa Bukavu, mwanagenzi wa Mzee, ambaye zamani alikuwa akisafisha maofisi, na huko ndiko angerudi. Aristide ni mume wangu. Nimeliandika neno hilo taratibu ili nilifaidi.

Mzee akaenda kumtetea.

"Pritesh, huyu anaweza."

"Mzee, si wewe uliyesema hajui hata kushika patasi?"

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Ilikuwa jana, Mzee."

Pritesh, kwa ukarimu wake unaojulikana, akatoa sharti. Aristide atakarabati kitako kimoja peke yake, kisha Mzee atakikagua mbele yetu sote. Akikiona kiraka cha mbao kilichotiwa, meza inaondoka. Asipokiona, inabaki. Tukacheka kwa uchungu, maana Mzee Tarsem huona mkwaruzo akiwa bado anavua koti mlangoni.

Ikachaguliwa bunduki moja ya kuwindia, ya mbao ya walnut iliyofifia kwa miaka, imemeguka kipande. Pritesh alikifunga kitako kitambaa ili Mzee asijue kilipomeguka, akamwachia Mzee sehemu ndogo ya kuona rangi, na akamruhusu kutoa ushauri mmoja tu. Fundi wetu mkuu, mwalimu asiye na mfano katika kufafanua mambo, akatoa ushauri wake wote: "Rangi ya chai." Akaenda kula.

Mume wangu akafanya alivyoambiwa. Alichonga kiraka, akakigandisha kwa gundi, akakipaka rangi, na kipande cha majaribio akampelekea Mzee.

"Hii ni nini?"

"Chai, Papa," akajibu Aristide, maana kwao Bukavu kila mzee ni Papa.

"Chai? Hii ni strungi! Wee, chai iko na maziwa!"

"Kwetu chai haina maziwa, Papa. Ulisema chai, minapaka chai. Njo hii."

Kila mtu akaacha kazi. Mimi wa Tabora nilisimama na mume wangu, kwa sababu za lugha tu, si za mapenzi: chai bila neno lingine ni ya rangi, yenye maziwa huitwa chai ya maziwa. Mzee alituuliza kama sisi ni watu au wafungwa. Ubishi ulinoga sana, lakini kiraka kilikuwa kimeshakunywa rangi, cheusi kama meno ya mvutaji, na ukaguzi ulikuwa umekaribia.

Aristide akakichomoa na kuanza upya. Alitafuta kipande ambacho mistari yake inaendelea na mistari ya kitako, akakikalisha mahali pake, akakipiga msasa, akakipaka rangi hafifu ya chai ya Kisumu. Kisha mafuta ya kitani, tabaka jembamba baada ya jingine, akisugua kwa kiganja. Mito yetu ya harusi ikanuka mafuta hayo. Wanawake wenzangu, hakuna manukato yanayoyafikia.

Jumatatu wiki hii tukasimama kuizunguka meza. Mzee akavaa miwani, akakigeuza kitako, akakipeleka dirishani na kukirudisha. Nilikuwa nimelishika shati la Aristide kwa nyuma, nikiomba. Mwishowe Mzee akaweka kidole gumba juu, karibu na pale mkono unaposhika.

"Kiraka hiki hapa," akasema. "Kibaya sana. Mtu kipofu anaona."

Pritesh akatazama picha aliyoipiga siku bunduki ilipoletwa. "Mzee, hapo hapajawahi kuguswa."

"Basi macho yameisha. Vizuri naenda nyumbani."

Meza inabaki. Pritesh mwenyewe amelitamka hilo mbele yetu, na tulipiga makofi mpaka jirani wa duka la mapazia akaja kuuliza nani amejifungua.

Jioni hiyo nyumbani mume wangu aliniambia kwamba Mzee, alipopita nyuma yake kuchukua koti, alimnong'oneza: "Ile kona ya chini, ongeza mafuta kidogo." Kiraka kiko kwenye kona ya chini.

Kwa hiyo, Mzee Tarsem, karakana nzima inakushukuru kwa vitako vyote ulivyoviponya, na kwa matusi yote uliyotupatia bure. Twakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na mke mwenye subira, maana sasa utakuwa naye mchana kutwa. Mimi na Aristide tunakushukuru kwa macho yako, na zaidi kwa ile siku moja yalipokubali kukosea.