Chujio la Srilatha Limegoma Kupanda

Benchi la Ghouse, muuza chai, liko nje ya lango la maabara yetu, hapa Hyderabad, na tangu sikukuu ya Dasara iishe hatujazungumza lingine ila chujio la Srilatha, mwanafunzi wetu wa uzamivu. Ni kidude cha kuchuja mawimbi ya redio, kimefungwa ndani ya kisanduku cha shaba chenye skrubu nne. Moyo wake ni kapasita za utando mwembamba kuliko unywele; ukizipa volti, chujio linapanda masafa bila kuguswa. Kesho watahini wanakuja, miaka minne ya binti wa watu iko mezani, na chujio limeshuka, halitaki kupanda. Mimi ni fundi wa maabara. Narahari, tunayemwita Volti, ni mhandisi anayejua kila kitu.

— Ongeza volti, binti, Volti akasema.

— Nimefika thelathini na tano, anko. Nikizidisha, utando unaungua.

— Basi ni joto. Sikukuu nzima viyoyozi vilizimwa. Utando ule una hasira kama mama mkwe wangu.

— Leo viyoyozi vinapuliza mpaka nimevaa sweta.

— Mnara wa simu huo! Ghouse akadakia akimimina chai. Tangu wausimike, hata maziwa yangu yanaganda.

— Maziwa yako yanaganda kwa sababu ni ya juzi, nikamwambia.

— Haya, fundi, toa yako basi.

— Utando umezeeka.

— Una miezi miwili! Srilatha akasema.

— Basi umezaliwa mzee.

Volti akachovya biskuti, ikakatikia kikombeni.

— Nimepata! Ni satelaiti. Inapita juu yetu kila saa tisa, inayavuta masafa chini.

— Mbona yangu tu, anko?

— Wameona una kipaji.

Tukacheka. Srilatha hakucheka, macho yalikuwa yamemvimba, na roho iliniuma. Hapo riksho ikasimama, akashuka mama yake, katoka Warangal na chakula cha bintiye. Akasikiliza kidogo, akakitazama kisanduku kwenye mapaja ya mwanawe.

— Ndani mmeangalia?

Siku tatu tumepima kwa mashine kubwa kuliko friji, na hakuna aliyegusa skrubu. Srilatha akazifungua. Katikati ya mistari ya dhahabu palikuwa na nukta ya kumkum, ule unga mwekundu wa baraka, nene, imekauka vizuri.

— Ndiyo maana, Srilatha akasema polepole. Kitu chochote kikilala juu ya mistari, masafa yanashuka.

— Hata mimi Dasara, siku ya kubariki vyombo, naipaka cherehani yangu, mama akasema. Lakini naipaka kwa nje. Nani kapaka huku ndani?

Volti akatazama mnara. Ghouse akanitazama mimi.

— Fundi, bisibisi ya skrubu ndogo hizo si unatembea nayo wewe?

Nikanyoosha kikombe aniongezee. Akalipindua birika: tone moja.

— Nilitaka ufaulu, nikamwambia Srilatha. Nikaona nje baraka haitafika.

Akanitazama mpaka nikatamani benchi linimeze. Kisha akatoa pamba na spiriti mkobani, akanipa.

— Futa polepole, anko, dhahabu ni nyembamba. Na kumkum ikibaki, kesho asubuhi nipake mimi kwenye paji la uso. Mtihani ni wangu, siyo wa chujio.